Watu wanane, kadi tano

Wageni wangu kutoka nyumbani, wakishafika Amsterdam na kupiga picha na baiskeli na mifereji, wanadai jambo moja: niwapeleke kwenye ile nyumba ya Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyejificha humo na wenzake wakati wa vita vya pili vya dunia, akaandika shajara. Nawapeleka. Iko Prinsengracht namba 263, karibu kabisa na kanisa la Westerkerk, na tiketi hukatwa mtandaoni tu, kwa hiyo msije mkasimama mlangoni mkinilaumu. Wakitoka ndani huwa kimya kidogo, halafu wanaanza maswali. Nani aliwachoma kwa Wajerumani? Lile kabati la vitabu lilifungukaje? Yule mvulana walipendana kweli?

Mimi napika kwa kazi. Nipo kwenye jiko la nyumba ya wazee hapa mjini, na kabla ya hapo nilipika shughuli za watu Tanga, harusi na hitima. Kwa hiyo kila nikipanda zile ngazi kali swali langu ni moja: viazi alinunua nani? Watu wanane, zaidi ya miaka miwili, hawatoki nje hata kufika kibarazani, na kwenye daftari la serikali hawapo. Asubuhi wanakula, mchana wanakula, jioni wanakula. Nani alibeba? Kwa pesa gani? Na takataka zilitupwa wapi?

Nimeisoma ile shajara zaidi ya mara moja, na nawaambieni, yule binti mwenyewe alilijua swali hili. Ameandika habari za chakula kurasa kwa kurasa. Watu wanaikumbuka kwa maneno mazuri ya kubandika ukutani, lakini ukiisoma kwa jicho la mpishi, ni kitabu cha maharage, viazi na ugomvi wa mafuta.

Niwape historia kwa kifupi kwa wale ambao hawajaisoma. Anne alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 12 Juni 1929. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, baba yake, Otto Frank, akaihamishia familia Uholanzi. Wakakaa salama miaka michache, mpaka Mei 1940 Wajerumani walipoivamia nchi hiyo nayo. Sheria zikaanza kuja moja moja. Wayahudi wajiandikishe. Watoto wa Kiyahudi wasome shule zao peke yao. Wavae nyota ya njano. Wasipande tramu. Wasalimishe baiskeli. Na moja inayoniuma mimi mtu wa sokoni: waingie madukani saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni tu. Wakati wa vita, bidhaa chache, saa tisa jioni dukani unakuta nini? Unakuta kaunta imefutwa.

Tarehe 5 Julai 1942 ikaja barua ya Margot, dada yake Anne, miaka kumi na sita. Anaitwa akafanye kazi Ujerumani. Otto alikuwa ameshaanza kuandaa maficho kimyakimya kwenye jengo la ofisi yake, akisaidiwa na wafanyakazi wake. Kesho yake asubuhi, mvua ikinyesha, wakatoka nyumbani kwa miguu. Anne alikuwa amevaa nguo juu ya nguo, suruali za ndani tatu, gauni, sketi, koti, kofia, kwa sababu Myahudi akionekana na sanduku barabarani siku hizo, safari yake ilikuwa inaishia hapohapo. Paka wake, Moortje, walimwacha kwa majirani. Alikuwa na miaka kumi na tatu.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe, maana hapa ndipo mambo yananinogea. Biashara ya Otto Frank ilikuwa ya jikoni! Kampuni ya Opekta iliuza pektini, ile dawa inayofanya jamu igande. Kampuni dada, Pectacon, iliuza viungo vya kutengenezea soseji, na mtaalamu wa viungo hivyo alikuwa Hermann van Pels, ambaye naye alikuja kujificha humohumo na mkewe Auguste na mtoto wao Peter, wiki moja baada ya akina Frank. Novemba mwaka ule akaongezeka daktari wa meno, Fritz Pfeffer. Wakatimia wanane. (Kwenye shajara utakuta wanaitwa van Daan na Dussel. Anne aliwabadilisha majina.)

Chini kulikuwa na ghala na wafanyakazi wa ghala, wengi wao wasioambiwa kitu. Katikati ofisi. Nyuma, kupitia mlango uliofichwa kwa kabati la vitabu lililotengenezwa na baba yake Bep (Bep alikuwa karani wa ofisi), kulikuwa na vyumba vile. Humo chini walikuwa wakisaga pilipili manga, na huko juu watu wanapiga chafya, na katika maficho chafya haikuwa jambo la kuchekea. Anne akalalamika kwamba baba yake hakuchagua biashara nzuri: pektini na pilipili tu, kama unauza vitu vya kula si ungeuza basi peremende! Nilicheka peke yangu niliposoma hapo. Mtoto wa miaka kumi na tatu ni mtoto, popote ulipomficha.

Haya, chakula. Uholanzi ya vita ilikuwa nchi ya mgao. Mkate, nyama, maziwa, mafuta, sukari, viazi, vyote kwa kuponi. Pesa peke yake haikutosha, lazima utoe na kuponi. Kuponi zinatokana na kadi, na kadi inatokana na kuandikishwa. Mama yangu aliwahi kunisimulia foleni za maduka ya kaya miaka ya themanini mwanzoni, jinsi sabuni na sukari vilivyokwenda na jina lako kwenye daftari la balozi, kwa hiyo nilipofika hapa nilielewa bila kufafanuliwa. Asiye na jina hali. Na mtu aliyejificha ndiye huyo asiye na jina. Wajerumani hawakuhitaji kupekua kila darini, mgao ulikuwa unawapekulia: ama mtu atoke atafute chakula akamatwe, ama afe njaa ndani.

Kwa hiyo kumficha mtu hapa Uholanzi hakukuwa tu kumpa chumba. Ilibidi umtafutie kadi. Jan Gies, ambaye mkewe Miep alikuwa mfanyakazi wa ofisini kwa Otto, alizipata kupitia watu wa harakati za siri waliokuwa wakipambana na Wajerumani. Nyingine walinunua kwa magendo. Mpaka Machi 1944 walikuwa na kadi tano. Watu wanane, kadi tano. Fanyeni hesabu wenyewe, kisha ongezeni kwamba Peter alikuwa kijana wa kiume anayekua. Wanaolea wavulana wa umri ule wananielewa.

Miep Gies. Huyu mama nampenda mpaka nachoka. Alizaliwa Vienna, na baada ya vita vya kwanza vya dunia njaa ilipopiga kule, alikuwa miongoni mwa watoto waliopelekwa Uholanzi wanenepeshwe. Alikuwa na miaka kumi na moja, mwembamba, mgonjwa. Familia ya Leiden ikampokea, ikamlisha, ikampa hilo jina la Miep, na akabaki moja kwa moja. Sitaki kumsemea moyoni mwake. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa akizunguka Amsterdam na vikapu kwenye baiskeli kuwalisha watu wanane alikuwa amewahi kulishwa na wageni.

Angalieni alivyofanya kazi. Kabla watu hawajaingia mafichoni, Hermann van Pels alikuwa akimchukua waende pamoja kwa mwenye bucha, rafiki yake. Miep anasimama tu pembeni, hajui ameletwa kwa nini. Baadaye akaelewa: mwenye bucha alikuwa anaonyeshwa sura. Siku Miep atakapokuja peke yake na orodha ndefu kuliko nyumba ya watu wawili, asiulize. Na hakuuliza.

Mkate ulitoka kwa mwoka mikate aliyefahamiana na Kleiman, mmoja wa mabwana wa ofisini. Maziwa aliyashughulikia Bep, binti wa miaka ishirini na tatu tu maisha ya maficho yalipoanza. Mboga na viazi vilitoka kwa Hendrik van Hoeve, mwenye duka dogo la mboga pale Leliegracht, kona chache kutoka ofisini. Huyu naye alikuwa na macho. Aliona Miep ananunua nyingi mno. Badala ya kusema, akaanza kumwekea pembeni. Viazi, kwa kuwa ni vizito, akawa anavileta ofisini mwenyewe saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wa ghala wakiwa wametoka, vinawekwa kabatini, na usiku Peter anashuka kuvipandisha. Hapakuwa na mkutano wala kiapo. Gunia la viazi tu, na mtu anayeangalia pembeni.

Nasikia watu wakisema "waliowaficha" kana kwamba ni kitendo cha siku moja, umefungua mlango, umefunga, umekuwa shujaa. Kina Miep walifanya hivi kila siku ya kazi, wakiwa na kazi zao za ofisi, wakiwa na mafua, wakiwa wamechoka, halafu saa ya mchana wanapanda juu na wanasubiriwa na watu wanane wenye kiu ya habari, kila mmoja na ombi lake: kitabu, sabuni, dawa ya kikohozi, viatu. Hesabu za ofisi zikingoja chini. Na Miep na Jan nyumbani kwao walikuwa wamemficha tena mwanafunzi mmoja aliyekataa kutia saini kiapo cha utii kwa Wajerumani, na hawakuwaambia akina Frank, wasije wakawa na wasiwasi zaidi. Yaani huyu mwanamke alikuwa na midomo miwili ya nyumbani, mwanafunzi mmoja, na wanane wa ofisini. Akigunduliwa, adhabu ni kambi ya mateso.

Akiba yao kubwa ilikuwa maharage makavu na njegere. Novemba 1942 walikuwa na magunia sita yakihamishwa kupelekwa darini, na Peter ndiye aliyepewa kazi ya kuyabeba. Matano yalifika. La sita likapasuka mshono juu ya ngazi, maharage yakamwagika yote kwa kishindo cha kutisha, na Anne alikuwa amesimama chini, akajikuta kisiwa katikati ya bahari ya maharage. Kwanza hofu, maana kelele. Kisha Peter akacheka. Walikuja wakayaokota, lakini maharage ni maharage, yanaingia kila tundu, na kwa siku nyingi kila anayepanda ngazi aliinama akaokota mawili matatu. Hii ndiyo sehemu ya kitabu ninayowasomea watoto wa dada yangu wakija likizo.

Jiko lao lilikuwa chumba cha bwana na bibi van Pels. Mchana ni jiko na chumba cha kulia cha watu wote, usiku ni chumba cha kulala cha mume na mke. Mpishi mkuu alikuwa bibi Auguste. Anne hakumpenda, kamwandika vibaya: anajisifu, anabembeleza wanaume, anagombana. Inawezekana. Lakini ngoja nimtetee mpishi mwenzangu, kwa sababu hakuna anayemtetea. Mweke mtu apike milo ya watu wanane, miaka miwili, kwenye chumba anacholala, hana soko la kwenda, hachagui kitu, analetewa kilichopatikana. Hawezi kuangusha sufuria kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni wafanyakazi wa ghala waondoke. Hawezi kumwaga maji ovyo, maana bomba linasikika chini. Choo hakivutwi mchana. Maganda na mabaki hayawezi kutupwa kwenye pipa la jengo, mtu wa ghala akiona maganda ya viazi ya watu wanane atauliza, kwa hiyo yanachomwa ndani ya jiko la makaa, hata siku za joto, madirisha yamefungwa. Ukimaliza kupika hapo kuna binti wa miaka kumi na nne anakutazama na kalamu mkononi.

Mume wake naye, siku nyama ilipopatikana ya kutosha, alitengeneza soseji mwenyewe humo ndani, nyingine za kula, nyingine za kuning'inizwa zikauke. Mtaalamu wa viungo kapata siku moja ya kufanya kazi yake. Nadhani alikuwa na furaha siku hiyo kuliko siku nyingi.

Ugomvi ulikuwepo, tena wa mafuta. Januari 1944 walifika mahali pa kugawana mafuta na nyama, kila familia ikaange viazi vyake. Daktari wa meno alikutwa ameficha kabatini mkate, jibini, jamu na mayai, yeye ambaye amelishwa na wenzake bila kuhesabiwa. Koti la manyoya la bibi Auguste liliuzwa, zikapatikana gilda 325, pesa za Uholanzi za wakati huo. Yeye alitaka zile pesa aziweke, vita vikiisha ajinunulie nguo mpya, mumewe anasema pesa ni za kula. Walipigiana kelele, na humo ndani kelele yenyewe ni hatari. Ndoa nyingi zingekufa kwa koti hilo.

Anne aliandika Aprili 1944 jinsi chakula chao kilivyokwenda kwa misimu. Kuna kipindi ni mboga moja tu, asubuhi ya kupika unajua jibu. Majani fulani, kisha spinachi, kisha matango, kisha nyanya, kisha kabichi iliyochachushwa. Kabichi mchana na kabichi usiku. Viazi kila mlo, hadi kifungua kinywa, kwa sababu mkate haupo. Mwezi mmoja kabla ya hapo walikuwa wakila mboga ya majani iliyotoka kwenye pipa, imeoza kiasi kwamba Anne alijifunga leso yenye manukato puani wakati inapikwa. Leso puani, halafu unaketi unaila.

Na bado alikua. Ukutani kuna alama za penseli, wazazi walikuwa wanawapima watoto kama wazazi wote. Anne aliongezeka sentimita kumi na tatu humo ndani. Hizo alama bado zipo, zimefunikwa kioo, na mimi kila nikizitazama nafikiria maharage. Kila sentimita iliingia kwa mkoba wa mtu. Nguo zilimbana, viatu vilimkataa. Alianza kupata damu ya mwezi humo. Huko darini, palipohifadhiwa viazi na maharage, ndipo yeye na Peter walipokuwa wakikaa wakizungumza mwaka 1944, kupitia dirishani wakiona mti mkubwa nyuma ya nyumba. Mapenzi ya kwanza ya mtoto yule yalifanyika kwenye stoo. Mimi sioni kwamba hilo linayapunguzia kitu.

Alisoma pia. Wote watatu walisoma, ratiba kamili, vitabu vililetwa kila Jumamosi na Miep. Margot alijifunza Kilatini kwa barua, kozi imeandikishwa kwa jina la Bep. Krismasi ya 1943 Miep aliwaokea keki na juu yake akaandika amani 1944. Sukari na siagi ya keki hiyo alizidunduliza kwa muda gani, mpishi yeyote wa nchi ya mgao anaweza kukisia.

Sasa muone jinsi kamba ilivyokuwa nyembamba. Machi 1944 wale waliokuwa wakiwapatia kuponi walikamatwa. Hakuna mtu aliyegusa kabati la vitabu, hakuna aliyepanda ngazi, lakini huko juu mafuta yakaisha. Aprili, wezi wakavunja mlango wa ghala. Wanane wakakaa usiku mzima gizani bila kwenda chooni, wakitumia ndoo, wakisikia polisi wakifika mpaka kwenye kabati na kulitikisa. Kesho yake ikajulikana van Hoeve, muuza mboga, alikuwa amepita akaona tundu mlangoni, na akamwambia Jan kwamba ameona si vizuri kuita polisi. Mtu wa viazi alijua. Alikuwa anajua siku zote.

Tarehe 25 Mei 1944 naye akakamatwa. Nyumbani kwake alikuwa amewaficha Wayahudi wawili. Siku hiyo Anne ameandika mambo mawili kwa pamoja, huruma kwa mzee yule, na hesabu ya tumbo: kifungua kinywa kitafutwa, mchana uji na mkate, jioni viazi vya kukaanga, mboga mara moja au mbili kwa wiki kama zitapatikana. Tutalala njaa, akasema, lakini heri njaa kuliko kugunduliwa. Kuna msomaji mmoja aliwahi kuniambia hapo Anne ni mbinafsi, mtu amekamatwa yeye anawaza kifungua kinywa. Sikubaliani kabisa. Aliona kitu ambacho watu wazima wengi hawakioni, kwamba muuza mboga na mlo wa asubuhi ni jambo moja.

Julai yake, kabla mambo hayajaharibika, ofisi ilipata stroberi kreti kwa kreti kutoka mnadani. Nyumba nzima ikageuka kiwanda, wote wakaketi kuchambua, nyingi zikiingia midomoni kuliko ndooni. Jamu ikapikwa. Pektini, mnajua wenyewe, ilikuwepo.

Jamu hiyo sijui ilimalizwa na nani. Tarehe 4 Agosti 1944, Ijumaa asubuhi, gari likasimama mbele ya jengo. Karl Silberbauer wa polisi ya Kijerumani na Waholanzi waliokuwa wakimfanyia kazi wakapanda moja kwa moja. Waliwachukua wote wanane, pamoja na Kugler na Kleiman wa ofisini. Hadi leo haijathibitishwa nani alisema, au kama kuna aliyesema. Wageni wangu huwa hawapendi jibu hili.

Silberbauer alikuwa mtu wa Vienna. Miep akaitambua lafudhi, akamwambia nami natoka Vienna, naye Silberbauer akamwacha bila kumkamata. Siku chache baadaye Miep akaenda mwenyewe makao makuu ya polisi hao kuahidi pesa za kuwakomboa wenzake. Alitembea kwa miguu yake mpaka ndani ya ofisi ile. Haikusaidia. Lakini siku ile ya kukamatwa, yeye na Bep walikuwa wamepanda juu, wakakuta daftari na karatasi za Anne zimetapakaa sakafuni, wakaziokota. Miep akazitia kwenye droo ya meza yake, hakuzifunga kwa ufunguo, na hakusoma.

Baadaye alieleza kwamba angesoma angelazimika kuzichoma. Mle ndani mlikuwa na majina: ya kwake, ya wenzake, na ya wale wa mkate, nyama, kuponi. Wanaokwenda kuitazama shajara ile kwenye kioo wanaona maandiko ya msichana mwerevu. Miep angeona orodha ya watu wa kupelekwa kambini, imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Walipelekwa kambi ya Westerbork, na tarehe 3 Septemba wakapakiwa kwenye treni ya mwisho iliyotoka hapo kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland. Mama yao, Edith, alifia huko Januari 1945. Anne na Margot walihamishiwa Bergen-Belsen, kambi nyingine huko Ujerumani, wakafa mwanzoni mwa mwaka huohuo, Anne akiwa na miaka kumi na tano. Wote watatu wa akina van Pels hawakurudi. Pfeffer hakurudi. Van Hoeve, mtu wa viazi, alipitia kambi akarudi hai. Kleiman aliachiwa kwa ugonjwa, Kugler akatoroka.

Amsterdam wenyewe, majira hayo ya baridi, iliingia kwenye njaa ambayo wazee ninaowapikia bado wanaitaja. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Kuna bibi mmoja kwetu hakubali sahani yake iondolewe ikiwa na kiazi, na wasaidizi wapya huwa wanashangaa. Mimi siondoi. Miep aliendesha baiskeli mashambani kutafuta chakula, sasa bila orodha ya wanane.

Otto Frank alirudi peke yake, Juni 1945, na mahali alipokwenda ni mlangoni kwa Miep na Jan. Ilipothibitika Julai kwamba mabinti wamekufa, Miep alifungua droo akampa zile karatasi. Kitabu kilitoka mwaka 1947. Mengi yameandikwa kuhusu siku hiyo ya droo, sitaongeza.

Ila waongozaji wengi hawataji kwamba Otto hakurudi kupanga chumba kwingine. Alikaa kwa Miep na Jan miaka saba. Wakati anasoma daftari la mwanawe, wakati anaandika barua za kuwatafuta wachapishaji, wakati dunia haijamjua, alikuwa anakula jioni kwenye meza ya watu walewale, na miaka ya mwanzo bado kwa kuponi. Safari hii za kwake mwenyewe, kwa jina lake.